Kipa Aliyekuwa Mfungaji Bora

SWALI: Salamu, mwalimu. Mimi ni dereva wa basi huku kusini mwa Seattle, mzaliwa wa Uvira, na mpira niliokulia ni wa miguu. Mwanangu wa miaka 14 ndiye aliyenivuta kwenye besiboli. Mwaka 2025 Cal Raleigh wa Mariners, timu yetu ya Seattle, alipiga homurani 60 (mpira unaopigwa hadi nje ya uzio), na hakuna aliyemfikia katika ligi yake. Tuzo ya MVP, ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote, akapewa Aaron Judge wa Yankees, aliyepiga 53. Kijana alikasirika, akachukua daftari akaandika orodha yake ya wachezaji 10: Raleigh wa kwanza, na Judge kamweka wa tatu, anasema "ili asishinde". Naomba unieleze, wapiga kura hupanga vipi majina haya? Wewe ungepanga vipi? Na huo ujanja wa mwanangu unaruhusiwa?

JIBU: Salamu zimefika, ndugu yangu, na kijana mpe pole. Naanza na lugha ya kandanda kwa kuwa ndiko ulikotoka. Itakapoanza kutupoteza tutaishusha njiani.

Msimu wa ligi ukiisha huwa kuna kiatu cha mfungaji bora na kuna tuzo ya mchezaji bora. Kiatu hakina mjadala: hesabu mabao, mwenye mengi achukue, hata kama mwaka mzima hakurudi nyuma kukaba. Ile ya mchezaji bora ndiyo inayovunja urafiki kijiweni. Sasa homurani 60 ni kiatu. Raleigh alikivaa, na kwa mikimbio (ndiyo mabao ya besiboli) aliyoileta nyumbani kwa rungu lake, 125, vilevile aliongoza American League, moja ya ligi kuu mbili za besiboli. Hakuna mdakaji aliyewahi kupiga homurani nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Rekodi ya kabla yake ilikuwa 48, ya Salvador Perez wa Kansas City mwaka 2021. Hata Mickey Mantle, aliyekuwa akipiga upande wa kulia na wa kushoto kama Raleigh, aliishia 54 mwaka 1961. Na mdakaji ndiye kipa wa besiboli: yeye ndiye aliyejifunga ngao na kofia ya chuma, anachuchumaa nyuma ya mpigaji, na uwanja mzima uko mbele ya macho yake. Kwa hiyo mwanao ana haki ya kushangaa. Kipa wa ligi kuu amemaliza msimu akiwa mfungaji bora, halafu tuzo anapewa winga!

Inashangaza, ila hakuna aliyeibiwa. Tuitazame karatasi yenyewe ya kura.

Wanaoijaza ni waandishi wa Chama cha Waandishi wa Besiboli wa Marekani, wawili kutoka kila mji wenye timu katika ligi husika. American League ina timu 15, basi wapiga kura ni 30 tu. Wachezaji hawamo, makocha hawamo, mashabiki ndiyo kabisa. Karatasi inakiri tangu mwanzo kwamba neno "thamani" halina maana moja iliyonyooka, na kila mmoja aamue mwenyewe nani alikuwa na thamani zaidi kwa timu yake. Kisha inawatajia mambo machache ya kuangalia, na mambo hayo hayajabadilika tangu karatasi ya kwanza ya mwaka 1931: nguvu ya mchezaji katika kushambulia na kulinda, idadi ya mechi alizocheza, na tabia yake, moyo wake, uaminifu wake na bidii yake. Inawakumbusha kwamba mshindi si lazima atoke kwenye timu iliyofuzu mtoano, na kwamba warushaji, wale wanaowarushia wapigaji mpira, nao wamo, na wapigaji wateule pia, wale ambao kazi yao ni kupiga tu bila kulinda. Neno homurani halimo. Wala ubingwa.

Kura hukusanywa msimu wa kawaida unapokwisha, kabla mtoano haujaanza. Hili huko kwenu nadhani wengi walilisahau mwezi wa kumi, Mariners walipokwenda hadi mechi ya saba ya kuwania ubingwa wa American League. Matokeo yalitangazwa Novemba 13, lakini karatasi zilikuwa zimeshafungwa zamani. Toronto iliwatoa wote wawili, Judge kwanza, Raleigh baadaye, na hakuna hata kimoja katika hayo kilichoingia kwenye hesabu.

Mimi nikikaa kupanga majina, naanza na auti, yaani mpigaji kutolewa kabla hajafika besi, kile kituo cha kukimbilia. Timu ina zamu tisa za kupiga, kila zamu auti tatu, jumla 27. Hizo 27 ndizo mtaji wote wa siku. Ukizimaliza duka limefungwa, hata kama mpigaji wako hatari kuliko wote ndiyo kwanza anavaa glavu zake aje kupiga. Kila anayeingia na rungu lake ama anakula auti moja kwenye mtaji huo, ama hali. Msimu wa 2025 Raleigh alifika besi salama kwa kiwango cha 0.359, yaani katika kila mara 100 alizoingia alifika mara 36 na kula auti 64. Ni kiwango kizuri, tena kwa mdakaji ni kizuri sana. Judge alikuwa 0.457. Mara 46 alifika, 54 hakufika.

Auti 10 katika kila mara 100. Mtu anayecheza kila siku huingia kupiga karibu mara 700 kwa msimu, kwa hiyo hapo pana auti zaidi ya 60, mtaji wa mechi mbili nzima na ushee, ambazo mmoja alizitumia na mwenzake hakuzitumia. Kwenye ubao wa matangazo hazionekani. Homurani inapigiwa king'ora na fataki. Mtu akiacha mipira minne mibaya ipite na kutembea zake hadi besi ya kwanza, watu ndipo wanapoinuka kwenda kununua soda.

Sasa zile homurani saba alizozidi Raleigh. Kwa hesabu za miaka mingi, homurani moja ina thamani ya mikimbio kama 1.4, kwa sababu wakati mwingine besi huwa na watu na wakati mwingine huwa tupu. Saba ni mikimbio kama 10. Na kila mara auti inapogeuka kuwa mtu aliyetembea hadi besi ya kwanza, timu inafaidika zaidi kidogo ya nusu mkimbio. Zidisha kwa 60 na kitu. Hata ukitoa zile 10 za homurani, Judge bado yuko mbele kwa mikimbio 25 hadi 30 kwa rungu peke yake. Ni hesabu ya kiganjani, lakini ukiwauliza wenye kompyuta kubwa watakuambia hivyohivyo: rungu la Judge lilizalisha takriban mara mbili ya mpigaji wa wastani, na la Raleigh lilimzidi huyo wa wastani kwa kama asilimia 60. Ongeza kwamba zaidi ya mara 30 timu pinzani zilimpa Judge besi ya kwanza makusudi, kwa kuogopa tu kumrushia mpira. Wastani wake wa kupiga (kufika besi kwa kuupiga mpira tu), 0.331, haukufikiwa na mtu katika ligi zote mbili. Mtu wa urefu wa mita mbili, mwenye eneo la straiki (pale ambapo mpira ukipita huhesabiwa dhidi ya mpigaji) pana kama mlango wa boma, hatakiwi kuwa na wastani kama huo.

Hapo ndipo wengi wanaishia, wanaandika Judge na kwenda kulala. Mimi ningemwomba mtu wa namna hiyo aende uwanjani siku moja, akae nyuma ya wavu karibu kadiri mfuko utakavyoruhusu, na mpira asiutazame kabisa. Amtazame mdakaji.

Goti moja chini. Kabla ya mpira kurushwa ameshabonyeza kifaa kidogo chenye vitufe kumwambia mrushaji arushe mpira gani na wapi. Zamani walitumia vidole kati ya mapaja, sasa ni sauti ndani ya kofia. Mpira unakuja kilomita 150 kwa saa, unashuka mwishoni, unapita upana wa kidole chini ya eneo la straiki. Mdakaji wa kawaida anaufuata kwa glavu, mkono unashuka nao, na mwamuzi aliye nyuma yake anaona mkono ukishuka: boli, yaani mpira mbaya. Raleigh glavu yake inakuwa chini tangu mwanzo, karibu na vumbi. Mpira unapofika glavu inapanda, unanaswa ukielekea juu, na pale kwenye ukingo glavu inatulia kama imepigwa picha. Mwamuzi ananyanyua mkono: straiki. Hakuna aliyepiga makofi. Uamuzi mmoja kama huo uliogeuzwa una thamani ya kama sehemu ya nane ya mkimbio. Ni senti. Lakini kila mechi ina mipira kama 150 kwa mdakaji, na Raleigh alianza mechi takriban 120 nyuma ya besi ya nyumbani. Senti zikikusanywa miezi sita, unanunua ng'ombe.

(Kuanzia 2026 timu zimeruhusiwa kukata rufaa kwa mashine kwa baadhi ya maamuzi ya straiki na boli, kwa hiyo ufundi huu wa glavu utashuka bei kidogo. Msimu wa 2025 ulikuwa bado una bei kamili.)

Raleigh si mdakaji wa kubahatisha. Mwaka 2024 alipewa Platinum Glove, tuzo ya mlinzi bora kuliko wote wa ligi yake, kabla hata dunia haijajua kwamba angepiga homurani 60. Ukiuliza mashabiki wa Mariners watakutajia kwanza jina lake la utani, Big Dumper, ambalo kwa heshima ya kijana wako nitasema tu linahusu ukubwa wa makalio yake. Basi fikiria mtu wa umbo hilo akichuchumaa na kuinuka mara mia na hamsini kwa usiku, majira ya joto, halafu zamu ikigeuka avue ngao aende kupiga mpira nje ya uzio. Alicheza mechi 159 kati ya 162, Judge 152. Kwa mchezaji wa uwanja wa nje 159 ni kawaida. Kwa mdakaji ni wazimu.

Nafasi yake hiyo ina bei, na bei yake imepigiwa hesabu. Wataalamu wa takwimu humpa mdakaji aliyecheza msimu mzima nyongeza ya mikimbio 12.5, kwa sababu watu wanaoweza kazi ile ni wachache. Mchezaji wa kona ya uwanja wa nje, kama Judge, hukatwa 7.5, kwa kuwa wapigaji wazuri wanaoweza kusimama pale ni wengi. Mpigaji mteule hukatwa 17.5. Judge alikaa katika kazi hiyo ya kupiga tu zaidi ya mechi 50, hasa baada ya kuumia kiwiko mwishoni mwa Julai. Aliporudi Agosti rungu lilikuwa zima lakini mkono wa kurusha haukuwa tayari. Raleigh naye siku ambazo hakudaka alikuwa mpigaji mteule. Ukiziweka zote pamoja, Raleigh anarudisha kama mikimbio 15 kwa nafasi peke yake, na ufundi wa glavu unamsogeza tena.

Sasa umeona kilipo kitovu cha ugomvi. Judge anaongoza kwa mikimbio 25 au 30 ya rungu, Raleigh anarudisha 15 za nafasi na kadhaa za glavu. Kinachobaki ni kidogo. Mikimbio 10 huhesabiwa kuwa sawa na ushindi wa mechi moja, na kile kipimo kinachoitwa WAR, ambacho mwanao bila shaka anakijua kuliko mimi, kinachofanya ni hayahaya tuliyofanya kwa kiganja: kinajumlisha kila kitu, kisha kinauliza mchezaji huyu aliipa timu mechi ngapi za ushindi kuliko ambazo ingezipata kwa mtu wa kuokoteza kutoka ligi ndogo. Tovuti ya takwimu ya FanGraphs ilimpa Judge kama 10 na Raleigh kama 9. Nyingine, Baseball-Reference, haiuhesabu ule ufundi wa kuituliza glavu, na huko pengo lilizidi ushindi mbili. Mtu akikuambia "WAR imesema", muulize ya nani. Pengo la ushindi mmoja halitoshi kumfunga mtu mdomo. Zile nyongeza za nafasi zenyewe ni makadirio ya watu waliokaa wakakubaliana.

Kuhusu viwanja, najua utaniuliza, kwa sababu kila mtu wa Seattle huuliza. Ndiyo, uwanja wenu ni mgumu kwa mpigaji, hewa nzito ya baridi inameza mipira, na homurani 60 kwa mtu anayecheza nusu ya mechi zake pale ni kitu cha kutisha zaidi ya namba yenyewe. Na ndiyo, uzio wa kona ya kulia wa Yankee Stadium uko karibu, kama mita 96 tu. Lakini uzio huo unawanufaisha zaidi wanaopiga kwa mkono wa kushoto, na Judge anapiga kwa wa kulia. Vipimo vya siku hizi huwa vimeshalirekebisha hilo la viwanja, kwa hiyo tusilihesabu mara mbili.

Ile hoja ya "bila yeye timu ingekuwa wapi" siipendi, nakuambia wazi. Inamwadhibu mchezaji kwa kuwa na wenzake wazuri. Hata hivyo mwaka 2025 haikuwatenganisha: Mariners walishinda mechi 90 na kutwaa kundi lao la Magharibi kwa mara ya kwanza tangu 2001, usiku uleule Raleigh alipopiga ya 59 na ya 60, Yankees walishinda 94 na nao wakaingia mtoano. Huko nyuma wapiga kura walikuwa wakali zaidi kwa jambo hili, ingawa hawakuwa na msimamo. Mwaka 1987 walimpa Andre Dawson wa Chicago Cubs, timu iliyoshika mkia katika kundi lake, kwa sababu alikuwa na homurani 49. Mwaka 2003 wakampa Alex Rodriguez wa Texas, nayo ilishika mkia.

Kilichobadilika kweli ni macho ya wapiga kura. Rudi 2012. Miguel Cabrera wa Detroit aliongoza American League kwa wastani wa kupiga, kwa homurani na kwa mikimbio aliyoileta nyumbani, yote matatu kwa mpigo: 0.330, 44, 139. Tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967 hakuna aliyekuwa amefanya hivyo. Upande wa pili alikuwepo Mike Trout wa Angels, kijana wa miaka 20 aliyeanza msimu ligi ndogo na kuitwa mwishoni mwa Aprili. Alipiga homurani 30, akaiba besi 49 (kukimbilia besi ya mbele bila mpira kupigwa), na katikati ya uwanja wa nje alikuwa anaruka juu ya uzio na kurudi na mpira ambao watu walishaanza kuushangilia. WAR ilimweka Trout juu ya Cabrera kwa karibu ushindi tatu. Wapiga kura 22 kati ya 28 wa wakati ule wakamweka Cabrera wa kwanza. Pointi 362 kwa 281. Viatu vitatu vilishinda.

Miaka 13 baadaye mwenye kiatu akashindwa na mwenye hesabu. Ndiyo maana mwanao anaona kama sheria imegeuzwa katikati ya mchezo. Kanuni za karatasi ni zilezile; waandishi waliokuwa vijana mwaka 2012, wakiwabishia wazee wao kuhusu Trout, sasa ndio wanaoshika kalamu. Kilichonifurahisha ni kwamba 13 kati ya 30 walimchagua Raleigh kwa sababu ambazo mwaka 2012 zingemsaidia Trout: nafasi ngumu, ulinzi, mechi nyingi. Mwaka 2025 hesabu zilikuwa pande zote mbili.

Mimi ningempa Judge. Usiku huo nisingelala vizuri, ila ningempa. Naweza kumwongezea Raleigh kila senti ya glavu, naweza kukubali kwamba kuna mambo ya mdakaji ambayo hakuna aliyeyapimia bado, kama kumtuliza mrushaji kijana ambaye mikono inatetemeka. Lakini ili nimpandishe juu nalazimika kusema hayo yasiyopimika yanazidi ushindi mmoja mzima, na hapo nakuwa naandika ninachotamani. Raleigh wa pili. Wa tatu ningemweka Bobby Witt Jr. wa Kansas City, na wa nne José Ramírez wa Cleveland. Wapiga kura waliwapanga kinyume, na sina ugomvi nao, ila Witt analinda nafasi ngumu kuliko Ramírez na miguu yake hailali.

Baada ya hapo ndipo kazi halisi ya kupanga inapoanza, na ndipo watu wanapochoka. Karatasi ina nafasi 10. Wa kwanza anapata pointi 14, wa pili 9, wa tatu 8, wa nne 7, hivyo hadi wa kumi anayepata 1. Nafasi za chini watu huzijaza kwa haraka, majina ya marafiki na ya timu za mji wao. Swali gumu huko ni warushaji. Tarik Skubal wa Detroit alikuwa mrushaji bora wa American League kwa mwaka wa pili mfululizo, lakini mrushaji anayeanza mechi hucheza mara moja kila siku tano, na wana tuzo yao, ya Cy Young. Wapo waandishi wanaosema hiyo inawatosha. Karatasi inasema wazi kwamba wamo. Mimi Skubal ningemweka wa tano.

Uzembe wa nafasi za chini uliwahi kugharimu tuzo. Mwaka 1999 Pedro Martínez wa Boston alishinda mechi 23 na kupoteza 4, akawaondoa wapigaji 313 kwa straiki tatu. Alipata kura nyingi zaidi za nafasi ya kwanza kuliko mtu yeyote, 8. Iván Rodríguez wa Texas, mdakaji (naam, mdakaji), alipata 7. Lakini waandishi wawili kati ya 28 hawakumwandika Pedro popote katika nafasi zote 10. Rodríguez akashinda kwa pointi 252 kwa 239. Tofauti 13. Wale wawili wangemwandika nafasi ya nne tu, kila mmoja angempa 7, jumla 14. Na usidhani pointi moja ni ndogo: mwaka 1947 Ted Williams aliongoza ligi kwa mambo yote matatu kama Cabrera, akakosa tuzo kwa pointi 201 dhidi ya 202 za Joe DiMaggio.

Hapo tumefika kwenye daftari la mwanao. Je, inaruhusiwa kumshusha mtu makusudi? Hakuna kifungu kinachokataza moja kwa moja. Mwandishi anaweza kusema aliamini hivyo, na hakuna mzani wa kupima imani. Kinachowazuia ni aibu. Karatasi huchapishwa zikiwa na majina ya waandishi, na anayemweka Judge wa tatu katika mwaka kama ule atajibu simu wiki nzima. Mwaka 2025 hakuna aliyethubutu. Wote 30 waliwaweka hao wawili katika nafasi mbili za juu: 17 walisema Judge kisha Raleigh, 13 walisema Raleigh kisha Judge. Judge 355, Raleigh 335. Namba zilezile kabisa zilitokea mwaka 2019 kati ya Mike Trout na Alex Bregman, nao pia 17 kwa 13, nao pia 355 kwa 335, kwa sababu kura zikigawanyika hivyo bila mtu kuchezea nafasi ya pili, hakuna jibu jingine linalowezekana.

Mpe kijana kalamu afanye hesabu mwenyewe. Wawili kati ya wale 17 wangebadilishana tu wa kwanza na wa pili, ingekuwa 15 kwa 15, pointi 345 kila mmoja, na tuzo ingegawanywa kama ilivyogawanywa National League mwaka 1979 kati ya Keith Hernandez na Willie Stargell. Wawili haohao wangeandika kama alivyoandika yeye, Raleigh wa kwanza, mwingine yeyote wa pili, Judge wa tatu, ingesomeka Raleigh 345, Judge 343.